Hobabu, Tuonyeshe pa Kulala

Masomo: Hesabu 10:29–34, Mathayo 4:5–7, Luka 13:1–5

Ujumbe huu niliuhubiri kwanza Kitale, na Jumapili iliyofuata nikauhubiri Bungoma. Pande zote mbili kuna watu waliokuja baada ya ibada wakaniambia, "Pasta, ushuhuda huu hatukuusikia hivi mara ya kwanza." Ni kweli. Hamkuusikia hivi kwa sababu sikuusema hivi. Ndiyo maana nimeomba uchapishwe wote, pamoja na yale yasiyonipa sifa.

Fungua Hesabu sura ya 10. Wana wa Israeli wamekaa chini ya mlima Sinai karibu mwaka mzima, na sasa wanang'oa hema kuingia jangwani. Wana wingu la Bwana juu yao. Wana sanduku la agano. Wana makuhani na tarumbeta mbili za fedha, utazikuta mwanzo wa sura hiyohiyo. Kama kuna watu waliowahi kuwa na uongozi wa Mungu unaoonekana kwa macho, ni hao. Wingu likisimama wanalala, likiinuka wanaondoka.

Halafu ukifika mstari wa 29, Musa anamgeukia Hobabu, mtu wa Midiani, wa ukoo wa mke wake. Anamwambia twende pamoja. Hobabu anakataa, anataka kurudi kwao. Basi Musa anaanza kumbembeleza. Kwa maneno yangu mwenyewe ni kama anasema: ndugu yangu, usituache, nyika hii wewe ndiye unayeijua, unajua pa kuweka kambi, tunaomba uwe jicho letu.

Niliupita mstari huo miaka mingi bila kuuona. Wingu analo! Sanduku analo! Sasa Hobabu wa nini? Kuna wahubiri wanaosema hapo Musa aliteleza imani. Mimi pia niliwahi kusema hivyo, kwenye mkesha mmoja, na nikapigiwa makofi. Lakini soma, hutaona Mungu akimkemea. Mistari miwili mbele sanduku linatangulia mwendo wa siku tatu kuwatafutia mahali pa kupumzika, na wingu liko juu yao mchana. Vyote viwili vinakwenda pamoja. Wingu linaonyesha njia, na Hobabu anajua bonde lipi hujaa maji usiku.

Kitabu chenyewe kinaitwa Hesabu, na mimi nilisomea biashara. Kwa hiyo wacha niwaambie jinsi hesabu yangu ilivyotaka kuua watu.

Mnakumbuka misheni ile ya Turkana, ya mwezi wa Aprili. Tulikuwa watu 23, kumi na wanne wa Kitale na tisa wa Bungoma, lori moja la kukodi na vani ya kanisa. Mpango ulikuwa tufike mchana, tupige kambi katika uwanja wa shule iliyo juu ya kilima, kama kilomita tatu kutoka barabarani. Lori likapasuka gurudumu kabla hatujafika Marich. Tulipopita Kainuk jua lilikuwa linashuka, na dereva akasema njia ya kwenda shuleni ina mawe, yeye hapandi na giza. Akitusubiri hadi asubuhi tutamlipa siku nyingine. Nikatoa karatasi yangu ya bajeti nikaiangalia. Siku nyingine haikuwepo.

Na hapo karibu kabisa na barabara kulikuwa na laga.

Kwa ambaye hajafika kule: laga ni mto usio na maji. Ni barabara pana ya mchanga mweupe, laini, sawa kama umepigwa pasi, na kandokando yake kuna migunga mikubwa yenye kivuli. Kina mama wa Kiturkana huchimba visima vidogo humo humo mchangani wakapata maji ya kunywa. Ukiwa umetoka safari ndefu, umechoka, mawe na miiba kila upande, laga inaonekana kama Mungu alikutandikia kitanda. Nikasema, "Tunashusha vitu hapa." Lori likarudi Kitale.

Tukiwa bado tunapiga mahema akaja mzee mmoja na mbuzi wake, ana fimbo na kigoda chake kidogo mkononi. Akasimama juu ya ukingo akatuangalia kwa muda. Halafu akasema kwa Kiswahili chake, "Hapa si pahali ya kulala. Hapa ni barabara ya maji."

Nikamsalimia kwa heshima, nikamwambia, "Mzee wangu, angalia juu, hakuna hata wingu." Na kweli hapakuwa na wingu, nyota zilikuwa zimeanza kutoka. Mzee hakuangalia juu. Alinyoosha fimbo kusini, kule tulikotoka, upande wa milima ya Pokot. Mbali sana kulikuwa na radi inamulika bila sauti, kama mtu anayewasha na kuzima tochi ndani ya blanketi. Halafu akanyoosha fimbo kwenye mgunga mmoja. Kwenye matawi, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, kulikuwa na mafungu ya nyasi kavu na vijiti. Nilikuwa nimeyaona tangu tufike. Nilidhani ni viota vya ndege.

Wapendwa, yale yalikuwa takataka za mafuriko yaliyopita. Mto wenyewe ulikuwa umetuandikia kipimo chake juu ya mti na mimi, mtu wa digrii, nikasoma ndege.

Na hata baada ya mzee kunieleza, nilimjibu hivi: "Mzee, tumeombea mahali hapa." Nikawakusanya vijana nikawasomea Zaburi ya 91 yote, kwa sauti, ili na mzee asikie. Watu wakasema amina. Mzee akatikisa kichwa akaenda zake.

Kulikuwa na mama mmoja wa Bungoma, ndiye alikuwa msimamizi wa jikoni. Alinijia pembeni, hakunisemesha mbele ya watu. "Pasta, mimi nimezaliwa karibu na Nzoia, hapo chini ya Webuye. Huyu mzee hachezi." Nikamwambia, "Mama, tusiwatie vijana hofu." Akanyamaza. Lakini nilipomaliza maombi ya jioni nikaona sufuria zinapanda ukingoni, magunia ya unga yanapanda, na wasichana wote wa kundi wanabeba mablanketi yao nyuma yake. Walikuwa tisa pamoja naye. Walienda kulala juu, kwenye mawe na miiba. Niwaambie ukweli? Nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu mama ana roho ya uasi. Nilipanga kuongea naye tukirudi.

Mchangani tukabaki watu kumi na wanne.

Kama saa nane usiku nilisikia fimbo inapiga hema. Ni yule mzee. Alikuwa anapiga kila hema na kupiga kelele kwa Kiturkana, na nyuma ya kelele yake kulikuwa na sauti nyingine, kama malori mengi yanayopanda mlima kwa gia ya kwanza. Kulikuwa na upepo baridi wenye harufu ya udongo uliolowa, na mahali tulipokuwa hakukuwa kumeanguka hata tone. Tulikimbia bila viatu. Maji hayakuja kama beseni linalojaa taratibu. Yalikuja kama ukuta mfupi, meusi, yamesukuma mbele povu na magogo. Mimi nilifika ukingoni maji yakiwa magotini, na miguu ilikuwa inaondoka chini yangu.

Tukahesabiana kwa tochi. Ishirini na wawili.

Kijana wetu mpiga ngoma alikuwa amerudi kuchukua kinanda cha kanisa. Hakikuwa chake, hata hakipigi. Alirudi kwa sababu mimi, wakati wa kupakia Kitale, nilisema mbele ya wote kwamba kinanda kile bado hatujamaliza kukilipia. Maji yalimbeba, yakamgonga na gogo, yakamtundika kwenye mgunga mmoja katikati ya mto, na akashika. Mguu ulikuwa umevunjika. Alikaa juu ya mti ule tangu usiku hadi jua likawa limepanda sana. Hakuna mtu angeweza kumfikia. Tulichoweza ni kummulikia tochi kwa zamu ili ajue tupo, na kumwimbia. Betri zilipoanza kuisha tukawa tunaimba tu. Kulipopambazuka wana wa yule mzee walikuja na kamba, wakakaa kimya wakitazama maji, na yalipopungua kiasi walichokijua wao wakaingia wakamtoa.

Tulipoteza jenereta, spika, mahema matano na katoni tatu za Biblia. Vani tuliikuta imelala upande, imejaa mchanga hadi kwenye madirisha. Mama wa jikoni alikuwa amekwisha koroga uji. Sufuria zake zote zilikuwepo.

Kabla hatujaondoka nilimwuliza mzee tumpe nini. Akaomba tumbaku. Shemasi wetu akaniangalia, mimi nikaangalia chini. Tulimpa sukari na blanketi. Kwenye gari la kurudi kijana mmoja akauliza, "Pasta, yule mzee ameokoka?" Wote wakangoja nijibu. Nikasema, "Kama ameokoka, sijui. Ninachojua ametuokoa." Walicheka, na kicheko kile kikanisaidia kutosema mengine.

Sasa sikiliza ushuhuda nilioutoa Jumapili iliyofuata, mliokuwepo mnaujua. Nilisema adui aliinuka usiku kuzuia injili, mafuriko yakaja ghafla, lakini kwa sababu tulikuwa tumeombea kambi yetu hakuna hata roho moja iliyopotea. Kanisa likasimama. Mzee hakuwemo. Mama wa jikoni hakuwemo. Na kwenye ripoti niliyoiandikia kamati ya fedha niliandika kwamba hasara ilitokana na mvua isiyotarajiwa, nikatia sahihi. Isiyotarajiwa na nani? Kulikuwa na watu wawili walioitarajia na wote wawili waliniambia.

Wiki chache zilizopita mpiga ngoma alikuja ofisini. Anachechemea bado, na kwa kuwa ni mtu wa bodaboda mguu ule umemgharimu kazi ya miezi mingi. Hakuja kulalamika. Aliuliza swali moja: "Pasta, kwa nini huwa husemi ile sehemu ya mzee?" Sikuwa na jibu. Ujumbe huu ndio jibu langu kwake, nimechelewa.

Wacha nirudi kwenye Zaburi ya 91, kwa maana inaniuma. Zaburi ile ni kweli na nitaendelea kuiomba. Lakini fungua Mathayo 4. Kabla yangu kulikuwa na mhubiri mwingine aliyeitumia kumwambia mtu asiogope mahali pa hatari, naye alisimama juu ya kinara cha hekalu. Alinukuu vizuri. Na Bwana wetu, ambaye malaika kweli wangemchukua, alikataa kuruka, akasema kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Hakushuka kwa kuruka. Nadhani alishuka kwa ngazi kama watu wengine.

Kulikuwa na tofauti gani kati ya kinara kile na laga yangu? Mimi nilichagua mahali kwa sababu ya bei ya lori, halafu nikamwita Mungu aje atie muhuri. Maombi yale hayakuwa ya kumwuliza. Nilikuwa namjulisha.

Na kuna jambo lingine gumu. Ushuhuda wangu wa kwanza ulikuwa unasema tulipona kwa sababu tuliomba. Je, wasiopona hawakuomba? Jumapili ya tarehe 22 Aprili 2012 vijana wa kanisa moja la Presbyterian la Nairobi walikuwa wametembelea mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha, wakashuka kwenye korongo lake. Mvua ilikuwa imenyesha juu. Maji yakawafuata ndani ya korongo na vijana saba wakafa. Vijana wa kanisa, kama hawa wetu. Tarehe 1 Septemba 2019, Jumapili tena, korongo hilohilo likaua watu saba wengine. Tarehe 4 Desemba 2021 wanakwaya Wakatoliki walikuwa kwenye basi wakienda harusini kule Mwingi. Basi likaingia daraja la mto Enziu maji yakiwa yamelifunika, likapinduka mbele ya macho ya watu waliosimama kando ya mto. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hao walikuwa wanakwenda kuimba! Ni nani kati yetu atasimama aseme imani yetu ilizidi yao?

Bwana Yesu aliulizwa habari kama hizo. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kabisa kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Anawageuzia waulizaji: nanyi, tubuni. Mimi nimesoma hapo nikajiona. Tulipona kwa rehema ya Mungu, na rehema hiyo ilikuja kwa miguu, imeshika fimbo, na mara ya kwanza niliifukuza.

Watu wengine husema sisi wa Kitale na Bungoma haya hayatuhusu, huku ni mahindi na miwa, hakuna laga. Hebu tazama mto Nzoia. Unaanzia milima ya Cherangani na mlima Elgon, unapita Trans Nzoia, unapita Webuye, unasafiri zaidi ya kilomita 250 hadi Budalang'i kabla ya kuingia ziwa Victoria. Mvua ikinyesha Cherangani sisi tunasema haleluya, tunapanda. Siku chache baadaye ndugu zetu wa Budalang'i wanabeba magodoro kwenda kulala juu ya tuta la mto. Wao pia wakiangalia juu wanaweza wasione wingu. Maji yao yalinyesha kwetu. Na upande wa pili wa milima hiyohiyo, usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, kule Nyarkulian na Parua na Tamkal katika Pokot Magharibi, udongo na maji vilishuka juu ya nyumba watu wakiwa wamelala. Zaidi ya 50 walikufa, na barabara ya kwenda Lodwar ikakatika.

Hilo ndilo nililokuwa silijui nikiangalia nyota. Mvua ya kukuua si lazima ikunyeshee wewe. Ardhi ya kule ni ngumu kama sakafu, hainywi maji haraka, kwa hiyo mvua ya mlimani inakimbilia yote kwenye laga na inasafiri saa kadhaa hadi mahali ambapo watu wamelala wakavu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maji yanayokimbia, ya kimo cha sentimita 15 tu, chini ya goti la mtoto, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 30 gari dogo linaanza kuelea, yakifika 60 hata magari makubwa ya mizigo midogo yanabebwa. Ndiyo maana nawaambia ninyi madereva wa matatu na bodaboda: daraja likifunikwa, subiri. Bibi harusi atangoja.

Wala usidhani ni sisi maskini wa mahema ya kuazima tu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo kule Maasai Mara ukaingia kambi zaidi ya kumi za watalii, zile za vitanda na mashuka meupe. Watu zaidi ya 90 waliokolewa, wengine kwa helikopta. Kando ya mto ni mahali pazuri, kila mtu anapapenda. Hata yule mtu mpumbavu wa Mathayo 7 nafikiri hakuchagua mahali pabaya kwa macho. Kule kwao Palestina nako kuna mabonde makavu yenye mchanga sawa na laini, na wakati wa kiangazi kiwanja kile kilikuwa bora kuliko mwamba. Mtu wa hesabu angekichukua.

Sasa Hobabu alijibu nini? Sura ya 10 haisemi kama alikubali. Lakini nenda Waamuzi 4, mstari wa 11, utamkuta Heberi Mkeni, wa uzao wa Hobabu, amepiga hema yake mbali, kwenye mti karibu na Kedeshi. Kizazi hadi kizazi wale watu bado wanajua pa kuweka hema. Na katika habari hiyohiyo Sisera analeta magari 900 ya chuma kando ya mto Kishoni, na wimbo wa Debora katika sura ya 5 unasema mto uliwafagia. Jemadari mzima, chuma chote kile, na hakuwa na mtu wa kumwambia habari za mto. Au alikuwa naye, akamjibu kama mimi.

Tunapenda sana kuhubiri habari za kusikia sauti ya Mungu. Nataka niulize, ikija na Kiswahili kibovu utaisikia? Ikiwa inanuka mbuzi? Ikiwa ni mama wa jikoni, na wewe ndiye mwenye kipaza sauti? Mama yule nilimtafuta, nikaenda kwake Bungoma nikamwomba msamaha mbele ya mume wake. Alinipikia chai, akasema, "Pasta, mimi nilijua utaelewa. Sikujua tu ni lini." Ripoti ile pia nimeiandika upya, kamati imeipokea, na neno "isiyotarajiwa" limetoka.

Mwezi wa Agosti tunarudi kule. Nimekwisha sema na watu wa mzee kwa simu, na yeye ndiye atachagua pa kulala. Tukifika saa ambayo njia ya kilimani haipandiki, tutalala Kapenguria na tutalipa lori siku ya pili, imewekwa kwenye bajeti. Tutaegesha magari juu, vioo vikitazama njia ya kutokea. Kila usiku watu wawili watakesha wakitazama upande wa milima, na wakiona radi au wakisikia harufu ya udongo mbichi hawatahitaji ruhusa yangu kuamsha kambi. Mtu yeyote, hata mtoto, akisema tuhame tunahama kwanza, halafu tunajadiliana tukiwa juu. Kitu chochote kikibaki chini kimebaki. Na kuna mstari mpya kwenye bajeti, shilingi elfu nane, umeandikwa "mwenyeji wa njia." Mweka hazina aliuliza ni nini. Nikamwambia asome Hesabu 10.

Wa timu ya misheni, tunakutana Alhamisi saa kumi na moja jioni kanisani Kitale. Wa Bungoma mtakutana kwa mama, nyumbani kwake, na yeye ndiye ataongoza. Njooni na viatu vya kukimbilia. Mpiga ngoma amesema atakuja. Amesema pia kwamba kinanda habebi.